Mtaro Unakufa kwa Mchanga

Milimita 50 za mvua zikitajwa redioni hazimtishi mtu. Zikinyesha juu ya nyumba yenye paa la mita 12 kwa 10 zinakuwa lita 6,000, maana kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Hilo ni tenki la lita 5,000 lililojaa hadi shingoni, pamoja na ndoo 50 za lita 20, na hapo ua haujahesabiwa, banda la kuku halijahesabiwa, wala maji yanayoteremka kutoka kwa jirani wa juu. Desemba 2011 Dar es Salaam ilipata zaidi ya milimita 150 ndani ya siku moja, na mafuriko yaliyofuata yakaua watu zaidi ya 40. Kwa mvua ya namna ile, paa lilelile linashusha lita 18,000.

Maji hayo yataondoka tu. Kilicho mikononi mwa mwenye nyumba ni kama yatapita alipoyaandalia au yatajichagulia njia yenyewe, na yakijichagulia hupenda mlango wa jikoni, msingi wa uzio na shimo la choo.

Mtu akilalamikia mtaro wake, neno la kwanza huwa ni udogo wake. Fundi naye hukubali haraka, kwa kuwa mtaro mpana ni kazi kubwa yenye malipo makubwa. Lakini mitaro mingi ya nyumbani katika miji ya Pwani ina upana wa kutosha. Kilichopungua ni mteremko, na kilichozidi ni mchanga. Chupa za plastiki zinalaumiwa kwa sababu zinaelea na kuonekana. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Bara 1 Juni 2019, na kweli imepungua mitaroni. Mitaro bado inajaa. Chepe likizamishwa kwenye mtaro uliofurika, kinachotoka kwa wingi ni mchanga mweusi uliolowana, na ndani yake kikopo kimoja na ndala moja.

Hesabu ya mchanga ni mbaya kuliko inavyodhaniwa. Mtaro wenye upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 30, ukijaa mchanga hadi nusu, haubaki na nusu ya uwezo wake. Unabaki na asilimia 40 hivi, kwa sababu maji yanayopita kwenye kina kifupi yanasuguana zaidi na sakafu na kuta na kupoteza mwendo. Yakipoteza mwendo, mchanga mwingine unatua. Hivyo mtaro uliopuuzwa masika moja huingia masika ya pili ukiwa umeshashindwa kabla tone halijadondoka.

Kwanza, kulowa kidogo

Kazi ya mtaro haianzi na chepe. Inaanza siku ya mvua, mwenye nyumba akiwa na mwavuli, mabuti ya mpira na simu ya kupigia picha. Azunguke nyumba wakati mvua imeshika kasi na aangalie mambo matatu: maji yanaangukia wapi kutoka paani, yanatuama wapi, na yanatokea wapi kuelekea nje ya kiwanja. Dakika 15 za mzunguko huo zinaonyesha mambo ambayo fundi aliyekuja siku ya jua hawezi kuyaona hata akikaa kutwa. Siku ya pili yake, saa kama hiyohiyo, azunguke tena. Dimbwi ambalo bado lipo baada ya saa 24 linaonyesha kwamba ardhi ya hapo hainywi, au kwamba pana bonde ambalo macho hayakulitambua.

Picha hizo zisifutwe. Ndizo zitakazotumika kumwelekeza fundi, na huenda zikahitajika mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa pia.

Ukuta na ardhi inayouzunguka

Rangi inapobanduka kwenye ukuta wa sebule usawa wa goti, na chumvi nyeupe inapochora mistari kwenye plasta, wengi hukwangua na kupaka upya. Baada ya mwaka wanarudia. Ugonjwa huo mara nyingi uko nje, upande wa pili wa ukuta uleule, ambako udongo umepanda polepole hadi kuufikia usawa wa sakafu ya ndani: bustani ya maua iliyojazwa mbolea kila msimu, kifusi kilichobaki ujenzi ulipokwisha, au pevingi zilizopangwa juu ya sakafu ya zamani bila kuichimbua.

Ardhi ya nje inapaswa kuwa chini ya ile tabaka ya nailoni au lami iliyolazwa juu ya msingi kuzuia unyevu, kwa sentimita 15 angalau. Kutoka ukutani ishuke sentimita 5 kwa kila mita, kwa mita mbili au tatu za mwanzo. Nyumba isiyo na gata inahitaji zaidi ya hapo, yaani sakafu ya zege ya kuzunguka nyumba nzima, yenye upana wa kuvuka mahali matone ya paa yanapoangukia, la sivyo matone hayo yatachimba mfereji wake sambamba na msingi. Pale sakafu hiyo inapokutana na ukuta hujitokeza ufa mwembamba wa kupitisha karatasi. Ufa huo uzibwe kwa lami au silikoni kila unapofunguka, kwa kuwa unapeleka maji moja kwa moja msingini na hakuna anayeyaona.

Waliojenga nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu walilijua hilo vizuri. Paa zao za bapa ziliwekewa milizamu iliyochomoza mbali na ukuta ili maji yadondokee njiani, na kuta zilipigwa lipu ya chokaa inayopumua, unyevu ukiingia unapata pa kutokea. Nyumba za namna hiyo zikipigwa lipu ya simenti wakati wa ukarabati, unyevu unafungiwa ndani ya jiwe na lipu mpya huanza kumeguka vipande vizima. Kwa nyumba ya chokaa, dawa ni chokaa.

Gata

Hapa hapana mengi. Kanuni ya mafundi wanaovuna maji ya mvua ni kwamba kila mita moja ya mraba ya paa inahitaji sentimita moja ya mraba ya nafasi ndani ya gata. Upande wa paa wenye mita 60 za mraba unataka gata lenye nafasi ya sentimita 60 za mraba. Gata la nusu duara la inchi 4 lina kama 39 tu, ndiyo maana linamwagika katikati ya mvua kubwa hata likiwa safi. Linahitaji kushushiwa bomba katika ncha zote mbili au kubadilishwa.

Mteremko wa nusu sentimita kwa mita unatosha. Kinachoharibu magata mengi ni vishikizo vilivyoachana mno: gata linapinda katikati kama kitanda cha kamba, maji yanabaki kwenye pindo, majani yanaoza humo, na mbu wa dengue, ambaye hupenda maji yaliyotulia karibu na watu, amepata nyumba juu ya vichwa vya wenyeji. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena 2019. Kwenye joto la Pwani, yai la mbu linahitaji wiki moja au zaidi kidogo kufikia mbu anayeruka, kwa hiyo maji yoyote yasiachwe yatuame wiki nzima, yawe ya gata, ya chemba au ya tairi kuukuu nyuma ya banda.

Penye mkungu au mwarobaini uani, gata litafutiwe mtu wa kulipanda mara kwa mara. Mkungu hupukutisha majani mara mbili kwa mwaka, na jani lake moja lina ukubwa wa kufunika mdomo wa bomba zima.

Mteremko, na mpira wa maji

Macho ya binadamu hayapimi mteremko. Ua unaoonekana kushuka kuelekea getini unaweza kuwa unapanda, hasa kama uzio umejengwa kwa ngazi au nyumba ya jirani imeinama upande mwingine. Kipimo cha uhakika ni cha bei ndogo: mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, wa mita 15 au 20, ule ambao waashi hupimia misingi.

Unajazwa maji taratibu hadi mapovu yote yatoke. Povu moja likibaki kipimo kinadanganya. Kigingi kimoja kinapigwa mwanzo wa mtaro, kingine mwisho wake. Mtu wa kwanza anashika ncha ya mpira kwenye kigingi cha juu, wa pili kwenye kigingi cha chini, wanasubiri maji yatulie, kisha kila mmoja anaweka alama pale maji yaliposimama. Alama hizo mbili ziko usawa mmoja hata kama kati yao kuna ukuta wa nyumba. Sasa kila mmoja anapima kutoka alama yake hadi sakafu ya mtaro. Kwa mtaro wa mita 15, ikiwa juu ni sentimita 60, chini panapaswa kuwa 75 au zaidi, yaani sentimita moja kwa kila mita. Ikiwa chini ni 65, mtaro huo utapitisha maji lakini mchanga utabaki. Ikiwa ni 58, maji yanarudi nyumbani.

Kipimo hicho kirudiwe katikati pia. Mtaro unaweza kuwa na mteremko mzuri kwa jumla na bado ukawa na tumbo mahali udongo uliposhuka, na tumbo hilo ndilo litakalojaa kwanza. Kulisawazisha kwa zege la sentimita 3 au 4 ni kazi ya asubuhi moja. Wakati huohuo sakafu ya mtaro ipigwe umbo la bakuli, isiachwe bapa, ili hata maji kidogo ya manyunyu yakusanyike katikati na kusukuma mchanga badala ya kutandaa.

Chemba ya mchanga

Mtaro mzuri kabisa bado utaletewa mchanga, kwa sababu ua wa Mbagala au Kigamboni ni mchanga wenyewe. Busara ni kuuchagulia mahali pa kutua. Mahali hapo pawe ni chemba ndogo inayojengwa kwa tofali, mita moja au mbili kabla ya mtaro kuingia kwenye bomba, chini ya geti au chini ya ukuta.

Chemba ya sentimita 60 kwa 60 inatosha nyumba ya kawaida. Siri yake ni sakafu: iwe chini ya tundu la kutokea kwa sentimita 35. Maji yakiingia humo hupanuka, yanapunguza kasi, mchanga unazama na maji ya juu yanaendelea na safari. Shimo hilo lina nafasi ya ndoo sita hivi za mchanga, na kuzizoa hakuchukui nusu saa, wakati kufukua mita 15 za mtaro uliojaa kunachukua kutwa nzima na mgongo wa mtu. Penye udongo wa kichanga sakafu ya chemba isipigwe zege. Iwekwe kokoto tu, ili maji yanayobaki yanywewe na ardhi kati ya mvua na mvua.

Kwenye tundu la kutokea unawekwa wavu wa nondo nyembamba, nafasi kati ya nondo na nondo ikiwa sentimita 2 au 3. Wavu huo ulazwe kwa kuinamia upande maji yanakokwenda, usisimamishwe wima. Ukisimama wima, majani matatu yanaufunga kama pazia na maji yanapanda uani. Ukilala, majani yanasukumwa kupanda juu yake na maji yanapita chini yao. Wavu ukatwe kwa kipimo cha kuchomoka kwa mkono, maana wavu uliojengewa ndani ya zege hausafishwi na mtu yeyote.

Halafu kuna swali la mchanga uliozolewa uende wapi, na hapo ndipo kazi nyingi inapopotea. Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za 9 Desemba 2015 na kuifanya siku hiyo ya usafi. Baadaye Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyohiyo nchini Tanzania, na Wanyarwanda wana umuganda wao Jumamosi hiyo pia. Mitaa husafishwa kweli. Lakini mara nyingi mchanga uliotolewa mtaroni huachwa kando ya mtaro, umepangwa vilima vidogo vinavyopendeza, ukisubiri gari la kuuzoa. Mvua ya kwanza inaurudisha ulikotoka. Nyumbani mwenye ua hana sababu ya kusubiri gari: toroli iwe tayari kabla chepe halijaguswa, na mchanga upelekwe moja kwa moja kujaza bonde lililoonekana siku ile ya mzunguko. Usitumike kupigia plasta wala kufyatulia tofali, kwa kuwa una taka na tope vinavyodhoofisha simenti.

Getini

Ukitaka kujua kwa nini mtaa fulani hufurika, tazama chini ya mageti. Mtaro wa sentimita 30 kwa 30 unatembea vizuri mita 20, unafika kwenye geti la gari, na pale fundi amelaza bomba la plastiki la inchi 4 kisha akamwaga zege juu yake. Mdomo wa bomba hilo ni sentimita 81 za mraba. Mtaro unaoliletea maji una 900. Bomba lina nafasi moja ya kumi na moja ya mtaro, na likizibwa na kifuu cha nazi hakuna wa kulizibua bila kuvunja zege.

Wengine hujifariji kwamba bomba dogo litatosha kwa sababu maji si mengi. Mabomba hayafuati hesabu ya macho. Kwa mteremko uleule, bomba la inchi 2 linapitisha kama moja ya sita ya maji yanayopitishwa na bomba la inchi 4, si nusu yake.

Chini ya geti pasilazwe bomba la aina hiyo kabisa. Mtaro uendelee wazi kwa upana wake, na juu yake yapangwe mafuniko ya zege yenye nondo, yasiyojengewa, yanayoinuliwa. Kwa mtaro wa sentimita 30, funiko lenye urefu wa 60, upana wa 40 na unene wa 12 lina uzito wa kilo 70 hivi. Watu wawili wanaliinua wakiwa na vikulabu vya nondo vilivyoachwa juu yake. Penye magari mazito ushauri utafutwe kwa fundi anayejua zege, au lizamishwe karavati la zege la kiwandani, pana kiasi cha koleo kuingia.

Mwisho wa mtaro

Sehemu hii ndiyo inayoleta ugomvi. Mtaro unaoishia kwenye ukuta wa jirani haujamaliza kazi, umehamisha tatizo. Maeneo ya Mikocheni na Msasani, ambako ardhi ni tambarare na maji ya chini yako karibu, kila anayejenga hujaza kifusi ili kiwanja chake kiwe juu kuliko cha mwenzake. Aliyejenga mwaka 1985 sasa anaishi ndani ya bakuli, na kila jirani mpya ameongeza kingo ya bakuli hilo. Kabla ya kumwaga kifusi, anayejenga aangalie maji ya jirani yalikuwa yakipita wapi, na uzio wake uachwe matundu chini, mapana na yenye wavu, mahali hapohapo. Tundu la tofali moja linagharimu tofali moja tu, na linaokoa ukuta wote, kwani maji yaliyosimama nyuma ya uzio yana nguvu ya kuulaza.

Kwenye vilima vya Kimara na Goba shida inageuka. Mteremko upo wa kutosha na kuzidi, na maji yanatoka mtaroni kwa kasi ya kuchimba korongo chini ya barabara. Mtaro wa huko ujengwe kwa ngazi, kila ngazi ikiyavunja maji kasi, na mahali unapoishia yatandikwe mawe makubwa yaliyoshikana. Kingo za udongo zipandwe vetiva, nyasi ambayo mizizi yake hushuka chini mita tatu badala ya kutambaa. Kwenye shamba la nyuma ya nyumba, wakulima wa Machakos wanajulikana kwa fanya juu: mfereji unachimbwa kukata mteremko na udongo wake kutupwa upande wa juu, hadi baada ya misimu kadhaa mteremko unageuka ngazi.

Asiye na mtaro wa barabara wa kuunganisha hufikiria shimo la kunyonya maji. Si vibaya, ila lijaribiwe kwanza. Lichimbwe shimo dogo la kina cha mikono miwili, lijazwe maji jioni ili udongo ulowe, lijazwe tena asubuhi. Maji yakiisha ndani ya saa chache, ardhi inanywa. Yakiwa bado yapo asubuhi ya pili, kama ilivyo kwenye udongo wa mfinyanzi wa mabondeni au udongo mweusi wa mbuga ulioenea pia pande za Embakasi jijini Nairobi, shimo hilo litageuka kisima cha mbu. Likikubali, likae mita 5 au zaidi kutoka kwenye msingi wa nyumba.

Na lisitarajiwe kufanya miujiza. Shimo la mita moja na nusu kila upande linaonekana kubwa, lita 3,375, lakini likishajazwa mawe nafasi inayobaki kwa maji ni kama lita 1,300. Lile paa la mwanzoni lilishusha 6,000. Kwa hiyo maji ya paa yaende tenkini kwanza, yatumike kufulia na kumwagilia, na shimo lipokee yanayofurika tu.

Kinachopaswa kuwa mbali kabisa na haya yote ni maji ya chooni. Kutapisha choo mvua inaponyesha, yaani kufungua bomba la shimo lijimwage kwenye mtaro wa mtaa gizani, ni desturi inayofahamika na kila mkazi wa mabonde ya Dar es Salaam, hata wale wanaojifanya hawaijui. Kipindupindu kilichozuka jijini humo Agosti 2015 kilisambaa hadi mikoa mingi ya nchi. Bomba la bafu au la sinki lililounganishwa kwenye mtaro wa mvua likatwe na kupelekwa kwenye karo. Oili chafu inayomwagwa juu ya maji ili kuua viluwiluwi nayo iachwe. Inaua vilivyopo leo na kuharibu udongo wa miaka, na dimbwi lenyewe linabaki palepale.

Lini, na nani

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo mitaro ifukuliwe Februari na Septemba, udongo ukiwa mkavu na mwepesi, na mafundi wakiwa hawajapandisha bei. Katikati ya msimu chemba ya mchanga ikaguliwe baada ya kila mvua kubwa, gata mara moja kwa mwezi, nyufa za sakafu mwisho wa msimu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya masika. Ukitaja mvua za juu ya wastani, kazi ya Februari isisubiri mshahara wa Machi.

Mtaro wa nje ya kiwanja una mwenyewe. Barabara kuu ni za TANROADS, za mitaa na wilaya ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Malalamiko ya mdomo kwa mwenyekiti wa mtaa huishia barazani, kwa hiyo iandikwe barua yenye picha zilizopigwa siku ya mvua, tarehe na saa, isainiwe na nyumba zote zinazoathirika, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa itunzwe. Anayenunua kiwanja kando ya mto ajue kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, hata kama muuzaji ana karatasi zenye mihuri mitatu.

Anayesafisha avae mabuti na glavu, kwani mkojo wa panya na vioo vimo humo. Hakuna anayepaswa kuingia ndani ya karo au chemba ya kina kirefu iliyofungwa, hata kwa dakika moja; hewa ya humo huua mtu kabla hajapiga kelele, na anayeshuka kumwokoa hufuata. Na mvua kubwa ikishaanza, mtaro ukiwa umezidiwa, kishawishi cha kuinua funiko ili maji yashuke haraka kishindwe. Ua ukifunikwa na maji machafu, shimo lililo wazi halionekani, na mtoto anayekimbilia mpira wake hawezi kujua liko wapi. Likilazimika kuinuliwa, asimame mtu mzima hapo muda wote, na funiko lirudi mahali pake kabla hajaondoka.